Gauni la Vifungo vya Mgongoni

Newala,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpendwa Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi tangu uanze kulikanda kwa maji ya moto. Mimi huku sijambo kabisa, ila baridi ya Newala mwaka huu imeamua kutunyoosha. Asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya kibanda changu cha cherehani, na wateja wananikuta nimejifunga vitenge viwili kama mgonjwa. Mikorosho imechipua vizuri na watu wengi wako mashambani kuipulizia dawa ya salfa, kwa hiyo mjini kumetulia.

Uliponipigia uliniuliza nahamia lini Chiwata, maana chumba ulichonijengea kwako kimekwisha, hata mlango umeshatiwa. Nilikujibu kwa kuzungukazunguka, nawe ukakata simu haraka. Dada, simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na jibu langu sikutaka lisikilizwe na majirani zako wote. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Jibu limo humu, lakini lina mlolongo wake, kwa hiyo usirukie mwisho. Soma kama sisi tunavyosoma kitabu chetu, sura kwa sura.

Ndiyo, nasoma kitabu. Cheka tu, wewe uliyenifundisha kusoma kwa kunifinya. Mambo yalianza na Mwalimu Loyce, binti kutoka Bukoba aliyepangiwa kufundisha sekondari hapa. Alikuja nimpunguzie sketi kiunoni, akakaa kwenye benchi kusubiri, akatoa riwaya kwenye mkoba na kuanza kuisoma huku akicheka peke yake. Mama Awadhi, yule Pili anayeuza maandazi mbele ya kibanda changu, hakuvumilia. Akamwuliza ni kitu gani hicho kitamu asichotugawia. Mwalimu akatusomea ukurasa mmoja, na sketi ilipokwisha hakuna aliyemruhusu kuondoka. Tangu siku hiyo tunakutana kila Jumamosi alasiri, kila mtu na kazi yake mkononi, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza na kubishana. Nakala ni moja, na sharti ni moja: hakuna kusoma mbele. Kitabu kinalala kwenye droo ya cherehani, na ufunguo ninao mimi.

Baadaye Mwalimu alishikwa na mafua, sauti ikamkauka. Ng'ambo ya barabara yuko fundi baiskeli tunayemwita Baba Queen, ambaye kumbe siku zote hizo alikuwa anasikiliza kwa mbali, akijifanya anaziba pancha. Akavuka, akasema anaweza kutusomea kama hatutamcheka. Dada, yule bwana anasoma! Mzee wa kitabuni akikohoa, naye anakohoa. Mama wa kitabuni akigomba, sisi wote tunajikuta tumekaa vizuri. Tukamfanya msomaji wa kudumu. Ni mgane, mkewe alitangulia kabla ya marehemu January wangu, na huyo Queen mwenyewe ameshaolewa Tandahimba.

Sasa, katika riwaya hiyo yuko mama mmoja mwuza chumvi, anaishi peke yake, mkali, hana masihara na mtu. Katika sura ya nne anaalikwa harusini, na mwandishi anamvalisha gauni. Rangi yake ni ya bibo la mkorosho lililoiva, kola ya duara, mikono imejaa mabegani ikabana kwenye kiwiko, mfuko mmoja tu upande wa kushoto, na vifungo vilivyovishwa kitambaa, mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni. Baba Queen aliposoma hapo, mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani. Miaka yote hii nashona sare za shule, sare za kwaya, na mitindo ambayo wateja wananionyesha kwenye simu. Haijawahi kutokea gauni likaniingia kichwani bila picha, kwa maneno matupu. Nikatangaza palepale kwamba nitalishona.

Urefu mwandishi hakuutaja, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mama Awadhi alisema mtu mzima haendi harusini mpaka gauni liguse vifundo vya miguu. Mwalimu Loyce akasema hizo ni fikra zake tu, gauni linaishia magotini. Baba Queen hakubishana na mtu. Akarudi sura ya pili, maana kurudi nyuma kunaruhusiwa, akatusomea mahali ambapo mama yule anavuka kijito kwenda sokoni ndoo ikiwa kichwani na mikono yote miwili juu. Akasema mwanamke anayevuka maji kila siku ya soko hashoni nguo ya kuishika kwa mkono, kwa hiyo gauni liko chini ya goti kidogo, basi. Mimi nikamtazama yule bwana kwa mara ya kwanza hasa.

Nami nikatoa hoja yangu ya kifundi. Mwanamke anayeishi peke yake hawezi kujifunga vifungo vya mgongoni. Ama mwandishi hajawahi kuvaa gauni, ama katika nyumba ile kuna mtu tusiyemjua. Mama Awadhi alitaka tufungue sura za mbele saa ileile. Nikaukalia ufunguo.

Kitambaa nilikikosa Newala, nikakipata Masasi. Nilikata kwa vipimo vyangu mwenyewe, nikiwaambia wenzangu kwamba ni gauni la mfano tu, la kutundika kibandani. Mama Awadhi alinisaidia kuvisha vifungo, na siku lilipokamilika akaja asubuhi kunifunga tuone linavyokaa. Likakaa, dada! Bega limetulia, kiuno kimeshika bila kubana. Tukiwa bado tunajisifu, zikaja habari kwamba gari la unga limefika sokoni, naye akatoka mbio.

Nikabaki nimefungwa. Nilijaribu kwa mkono wa juu, nikajaribu kwa mkono wa chini, nikafikiria mkasi nikaogopa kulitoboa. Wanakwaya walikuja kuchukua sare zao wakaniuliza nakwenda sherehe gani asubuhi yote ile. Na siku hiyohiyo maji yakatoka bombani, nawe unayajua maji ya Newala, ukikosa zamu yako hujui yatarudi lini. Nikasimama mlangoni na ndoo zangu, nimevaa gauni la harusini, karibu kulia.

Baba Queen akavuka barabara. Alielewa bila kuambiwa. Hakucheka, wala hakujitia kunisogelea mgongoni. Alibeba ndoo zangu akazipanga kwenye foleni, akaendesha baiskeli hadi sokoni kumwita Mama Awadhi, kisha akarudi kukaa mlangoni, uso ameuelekeza barabarani, akimwambia kila aliyefika kwamba fundi yuko kwenye vipimo. Mimi nilikuwa ndani nafunguliwa, na moyo wangu ulikuwa na furaha ambayo niliona haya kuwa nayo.

Jumamosi iliyofuata tukafika sura ya tisa. Kumbe yule mama wa chumvi ana jirani mwashi, anayepita kila alfajiri kumfunga vifungo, kwani magauni yake yote ni ya kufungwa mgongoni, wakanywa chai, akaondoka kabla kijiji hakijaamka! Mama Awadhi alipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama. Baba Queen akakwama katikati ya sentensi. Alisema macho yanamsumbua, akampa Mwalimu amalizie. Watu walipotawanyika alibaki kunisaidia kuingiza benchi, na hapo akaniambia kwamba angependa awe yeye wa kunifunga vifungo, ila si kwa kujificha kama yule mwashi. Anataka ndoa, ya kanisani, mchana kweupe.

Dada, jibu lako ndilo hili. Unajua desturi yetu. Nilipaswa kumwelekeza kwa mjomba Ladislaus, mjomba akuite wewe, mzungumze, na mimi niitwe mwisho kabisa, niketi mkekani nimeinamisha kichwa nikiulizwa kama mtu huyu namfahamu. Ndivyo nilivyoolewa na January, na sikujuta hata siku moja. Safari hii sikufanya hivyo. Nilimjibu ndiyo palepale, mkono mmoja ukiwa bado umeshika benchi. Anselmo, maana hilo ndilo jina lake, aliniuliza kama si vizuri wakubwa waulizwe kwanza. Nikamwambia wakubwa nitawaarifu.

Kwa hiyo sihamii Chiwata. Najua nakuumiza. Na najua kwamba chumba kile hukukijenga kwa sababu mimi naogopa kukaa peke yangu, kwani mimi siogopi. Ni wewe ambaye nyumba imekuwa kubwa mno kwako tangu mwanao Optatus ahamie Dar es Salaam, ukaona aibu kusema hivyo, ukasema ni kwa ajili ya mdogo wako. Nilipolitambua hilo nilikaa chini nikalia, dada yangu. Nikafuta machozi, na jibu langu likabaki lilelile. Ila kila mwaka korosho zikishauzwa nitakuja na cherehani nikae kwako mwezi mzima, tule ming'oko, viazi vyetu vya porini, na kusengenya watu mpaka uchoke mwenyewe. Hilo nimeshamwambia Anselmo, naye amekubali.

Mjomba atakuja kukuuliza. Mwambie Anselmo na jamaa zake watafika siku atakayoitaja yeye, kwa heshima zote, na mimi nitaketi mkekani kama inavyotakiwa. Lakini wewe nakwambia kweli: sikuandika kuomba ruhusa. Ninachotaka ni wewe ufurahi. Na kama bado hujaweza kufurahi, njoo hivyohivyo umenuna, kwa sababu kuolewa bila ruhusa yako naweza, lakini kusimama kanisani usipokuwepo siwezi.

Nisalimie wote wa hapo, mkubwa kwa mdogo. Mama Awadhi anakusalimu, na Mwalimu Loyce anakuamkia ingawa hamjaonana. Mungu akulinde mpaka tutakapokutana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bibiana