Kinachoonekana Dirishani

Mwanangu Mwalimu,

Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Barua za darasa lako zimefika. Wazee wenzangu wa huku waliochangia madaftari na penseli, kila mmoja amepata yake. Fundi viatu anatembea nayo mfukoni, anamsomea kila mteja. "Mimi sasa ni mfadhili," anasema. Tukamwambia, "Penseli mbili tu, bwana, punguza maringo!"

Nakushukuru kwa kuwakataza watoto kuandika asante tupu, ukawataka watueleze kinachoonekana kwenye dirisha la darasa. Yangu imeandikwa na binti wa dawati la nyuma. Anaona nyumba yenye mlango wa buluu na kizingiti kilichomeguka. "Hapo ndipo kwetu," ameandika. "Mama akimaliza kuanika nguo hunipungia mkono, lakini Mwalimu akiangalia mimi sijibu."

Kizingiti hicho nilikimegua mimi kwa nyundo ya marehemu baba, nikiwa na miaka saba. Miaka arobaini nimeiona nyumba ile kichwani ikiwa tupu, inanisubiri. Baba yako akiniandikia habari za kesi ya kuwatoa waliomo katika nyumba yetu hiyo, husema "wavamizi" tu, basi.

Mwambie baba yako kwamba mimi kaka yake nimesema hivi: kesi aliyofungua kwa jina langu aifute. Mama yule asihamishwe.

Binti umpe salamu zangu, na mengine usimwambie. Ila siku mama yake akimpungia mkono, wewe geukia ubao kidogo.

Baba yako mkubwa, mwenye shukrani