Aabo, Ndege Zilitua Juu ya Meli

Aabo,

Salaam aleikum, baba yangu, wewe na majirani zako wa huko makaburini. Mvua ya masika imerudi tangu tukuzike, na jiwe la kichwani pako bado limesimama. Mama ni mzima. Siku hizi anagombana na mbuzi, maana wewe wa kugombana naye hupo.

Nina habari yako, na nimekaa nayo siku nyingi.

Wakati wa vita vikuu ulikuwa mchochea makaa katika meli ya mizigo ya Waingereza, mkawapelekea shehena Wamarekani waliokuwa wakipigana na Wajapani. Ulitusimulia juu ya manowari yenye urefu wa kutoka msikitini hadi sokoni, na juu yake uwanja mtupu wa ndege. Ndege zinaruka, zinarudi, zinatua, na meli inazidi kwenda. Nilikuuliza kama bahari haitikisiki. Ukasema inatikisika sana, ndiyo maana rubani akishatua huketi kwanza, kimya.

Mji ulikucheka. Watu ambao maji mengi waliyowahi kuona ni mto Uaso Nyiro ukifurika, wangekuaminije? Nawe ulicheka nao. Lakini siku ya shauri la kisima chetu kule Kipsing, wengine walipokidai, haikuwa ya kucheka. Ulisimama barazani kutoa ushahidi kwamba kisima kilichimbwa na baba yako. Mzee Diriye, rafiki yako wa chai ya kila asubuhi, akasema, "Mtu aliyeona ndege zikitua baharini, leo tuamini na kisima chake?" Wazee wakaangua kicheko. Ushahidi ukatupwa, kisima kikaenda kwao. Tangu hapo hukutaja meli tena, wala hakuna aliyekuuliza neno barazani mpaka ukafa. Hilo liliniuma kuliko kisima.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alileta mashine ya sinema hapa mtaani Bulla Pesa, madirisha ya ukumbi yakazibwa kwa blanketi mchana mweupe. Ilikuwa picha ya vita vya Wajapani na Wamarekani. Aabo, niliziona zile ndege. Zilishuka moja moja juu ya meli, waya ukazinasa kwa nyuma kama unavyomnasa ndama mguu. Kisha ndege za Wajapani zikaja, meli ikawaka, na vijana wakajitupa majini huku nguo zinaungua. Hapo nikajua kwa nini hadithi yako siku zote iliishia ndege zikiwa zimetua salama. Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Mzee Diriye alikuwa benchi la mbele. Mashine ilizimwa, yeye hakuinuka.

Ijumaa alikuja nyumbani na wazee, nyuma yao ngamia jike. Walileta haal, ile fidia ya kumvunjia mtu heshima. Mama akasema mimi ndiye mwanao wa pekee, nijibu mimi. Wazee hawakupenda binti ajibu, nikajibu hivyo hivyo. Nilisema ngamia arudi alikotoka. Mdomo uliosema barazani ukaseme tena palepale barazani.

Mzee Diriye akaenda barazani. Akasema mbele ya wote, "Marehemu alisema kweli. Ya meli sikuyajua. Kisima nilijua ni chao."

Kisha akanigeukia, akaomba nimsamehe. Nikamsamehe kwa upande wangu. Akauliza, "Na yeye?" Nikamwambia huo msamaha una mwenyewe, siwezi kuutoa. Yule mzee akakaa chini mavumbini akalia. Nilitaka kuondoka, Aabo, wallahi nilitaka. Lakini nilijua wewe ungekaa, nikakaa naye.

Nakuahidi wajukuu wako wataisikia hadithi yote, pamoja na walioungua, Mjapani na Mmarekani, na nyumbani kwangu hakuna atakayeicheka. Mungu akupanulie kaburi, baba yangu msema kweli.

Binti yako,
Sahra