Perege wa Mama Mkwe

Kaka Hamadi, shikamoo, na salamu kwa wote mnaokataa visima vya mafuta baharini kwetu Pemba.

Ifakara mvua haikatiki, na wali wa huku unanukia hadi barabarani. Unamkumbuka yule bwana wa kampuni aliyetuambia mkutanoni kwamba mafuta yakimwagika bahari inajisafisha yenyewe? Kumbe kaoa kwa hawa wenyeji wangu. Jana alikuja kuwasalimu wakwe, tukaandaliwa wali na perege wa mtoni. Huku mkwe anakula alichopikiwa. Akikataa ni tusi. Alimega tonge la kwanza, akakodoa macho. "Samaki ananuka mafuta ya taa," akasema kwa upole.

Mama mkwe akajibu kutoka jikoni, sauti imejaa aibu. "Nisamehe, baba. Nimewabeba kwenye debe la mafuta ya taa. Lakini nililisugua kwa majivu, nikalisuuza weee."

Bwana akameza kwa shida. Nikamwongezea perege mwingine sahanini. "Kula tu, shemeji," nikamwambia. "Tumbo linajisafisha lenyewe."

Wabusu watoto. Mchele nitawaletea, samaki bado mnao, msiwaachie watu wa kampuni.

Mdogo wako,
Saidi