Mgeni Wetu Kutoka Jacmel

Mjukuu wangu Furaha,

Barua yako imetufikia sote tukiwa wazima. Bibi yako yuko Mudaka, anapalilia maharagwe yake na kuwalalamikia mbuzi wa jirani.

Unauliza uanze kutazama nini huko Jacmel, ng'ambo ya bahari: kanisa kuu, soko la chuma, au nyumba za kale za wafanyabiashara wa kahawa. Enzi za Zaïre, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Bukavu, tulipokea mwalimu wa hesabu kutoka mji huohuo. Wiki ya pili akataka kurudi kwao, nasi hatukuwa na mwingine. Mkuu wa shule aliniagiza nimwonyeshe uzuri wa mji wetu ili abaki.

Nilimtembeza tangu asubuhi: kanisa kuu, rasi ya La Botte, daraja la Ruzizi. Nilieleza kila kitu kwa usahihi. Yeye alitazama saa yake.

Sokoni Kadutu, maman mmoja muuza ndizi alituzuia, akiniita mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi enzi hizo.

"Citoyen, huyu mugeni unamutembeza sawa ng'ombe ya kuuzisha? Muache aikale."

Akampa kiti na kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kisha akamuuliza habari za mama yake. Mimi nikawa mkalimani tu. Mgeni akasimulia jinsi mama yake anavyouza kahawa chini ya paa la chuma la soko lao, akacheka kwa mara ya kwanza.

Alikaa nasi miaka sita.

Basi anza sokoni, Furaha. Ukipewa kiti, kaa. Kanisa halitahama.

Akuombeaye kila siku,
Babu yako