Usimjibu Nesi Ndiyo Tu

Glasgow

Mama mpendwa,

Chamgei? Shingo inaendeleaje? Na Baba, na ng'ombe? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Joyce, mke wa kaka, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Wifi yangu, usiruke mahali!

Mama, leo nina furaha mpaka nimeshindwa kula. Lile somo la wauguzi ninalotengeneza kwenye kompyuta limepitishwa! Litapitia laini ya simu, na nesi wa nchi yoyote mwenye kompyuta ataweza kulifungua. Na ndani yake uko wewe.

Wenzangu wa kazini walikuwa wameandika kwamba kabla ya kumpa mgonjwa dawa, nesi amwulize, "Wewe ni fulani?" Nikawaambia kwetu kila msichana aliyezaliwa ng'ombe wakirudi jioni ni Cherotich, na ulipolazwa mwaka jana mlikuwa wawili wodini. Nesi akauliza, "Wewe ndiye Cherotich?" Nawe, kwa heshima zako, ukajibu, "Ndiyo, sister," ukameza dawa za sukari za mwenzako, ukazimia.

Mkubwa wangu, Bi. Margaret, akasema basi mgonjwa ataje majina yake yote. Nikamwambia bado: jina la mwisho la mama yangu ni la baba mkwe wake, na kwa heshima mke wa Kikipsigis halitamki. Tukabishana hadi chai ikapoa, chai yenyewe pengine ya kwetu. Sasa somo linasema mgonjwa asipotaja jina, aulizwe anatoka wapi, ameletwa na nani, anaumwa nini. Dawa isitolewe mpaka ajieleze mwenyewe. Ukikosea swali, bibi mzee aliyechorwa kwenye kompyuta anajibu "ndiyo", halafu anaanguka kitandani. Bi. Margaret mwenyewe alimwangusha!

Lakini wauguzi wa huko hawajaliona, na mwezi ujao unapasuliwa shingo. Naogopa, Mama. Mtu akija na sindano akuulize kama wewe ni Cherotich, usiseme ndiyo tu. Sema: Cherotich Langat, wa Kabianga, wa kupasuliwa shingo.

Nisalimie shangazi wa Bomet, na kaka akirudi kutoka kiwandani. Joyce, ukifika hapa weka barua chini, Mama ajizoeze kulitamka jina hilo la Langat kwa sauti. Baba akikohoa kwa kusikia jina la baba yake likitamkwa, mwambieni Chebet anamtaka mama yake arudi nyumbani.

Binti yako,
Chebet