Korosho Nzima, Baraza Tupu

Yahya baba, wali uko kwenye sufuria, mchuzi wa dagaa upashe moto. Korosho za mteja wako wa Dar ziko kwenye ungo, zifunike.

Tena nisikilize. Tangu uanze wewe mwenyewe kumuuzia huyo mteja korosho za shamba letu, umewakataza majirani kuja kubangua hapa barazani, eti wakipiga soga wanazivunja, na mteja anataka nzima tupu. Haya, hazivunjiki. Leo asubuhi Bi Saida na wenzake wamepita wakicheka. "Asalaam aleikum, Bi Korosho Nzima!" wakaenda zao. Hata hodi hawakupiga. Nikabangua peke yangu mpaka nikajikuta namsimulia kuku umbea wa hapa Mingoyo. Naye akaondoka katikati, sijafika hata kwenye talaka.

Nimejitwika korosho zilizobaki kubanguliwa, nakwenda kwa Bi Saida kuwaomba radhi. ~~Nitarudi adhuhuri.~~ Nitarudi nao, wakikubali. Ukitukuta barazani, wape shikamoo kwanza, ndipo utaje huyo mteja wako. Zitakazovunjika mwambie nimezila mimi.

Mama yako