Viti vya Pweza Havipo Ikola

Ikola, Jumapili

Najua vizuri kwamba ziwa hili halina viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota. Wanataka maji ya chumvi. Hata hivyo nimevaa miwani ya kuzamia, nikaenda kuchungulia.

Kule Mafia nilizamia na Rehema kila Jumapili, mitungi ya hewa mgongoni. Akimwona kiti cha pweza alinipanulia vidole vitano kama nyota, kisha tukabishana kwa mikono ni yupi: mwenye nundu nyekundu, wa buluu, au yule mnene kama andazi. Hatukuwahi kumgusa hata mmoja.

Tangu nihamishiwe huku kufundisha, Rehema hajibu meseji zangu. Naogopa kupiga simu. Akipokea na sauti yake ikawa ya kawaida tu...

Leo nimeona kaa mdogo jiweni. Kwa mazoea nikainuka, nikageuka, vidole vitano hewani. Nyuma yangu maji matupu.

Jirani yangu Mama Editha alikuwa ufukweni akigeuza dagaa. Akanipungia, anacheka. "Mwalimu! Nimekuona! Njoo tule ugali!"

Nimekula nikashiba. Sikumwambia kwamba ule mkono niliouinua haukuwa kwa ajili yake.